Tulipita ku Mayi

Sentensi yenyewe ilikuwa moja tu, katikati ya ukurasa wa pili wa insha ya mwanafunzi wangu mmoja. Ilisema kwamba mwaka 2008, vita vilipoingia Rutshuru, familia ya mwandishi ilikimbilia Uganda, ikapakiwa kwenye lori, ikavuka ziwa, ikafika Nakivale. Nikaipigia mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: "Ziwa lipi? Chanzo?" Kisha nikaiweka insha hiyo juu ya zilizokwisha kusahihishwa, maana zilikuwa bado arobaini zikinisubiri na chai ilikuwa imeshapoa.

Nafundisha stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mbarara. Ni lile somo ambalo vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki vinalo na wanafunzi wengi hulidharau mpaka matokeo yatoke: kupanga aya, kunukuu bila kuiba, kutenganisha hoja na maoni. Muhula ule nilikuwa najaribu kitu. Badala ya kuwapa mada ya miaka yote, faida na hasara za simu za mkononi, niliwaambia waandike insha ya utafiti inayoanzia kwenye jambo lililowahi kuwagusa wenyewe. Waende maktaba, wasome, wahoji watu, lakini wao wenyewe wawemo ndani. "Mimi" inaruhusiwa, nikasema. Darasa likanyamaza kana kwamba nimewaambia waje kesho pekupeku.

Niliwaelewa. Mimi nilisoma Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, ambako insha ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, na mwenye kuiandika hakuwamo humo. Mtafiti wetu mkuu alikuwa "inasemekana". Anayesema ni nani, hatukuuliza. Nilipofika chuoni nikakuta sheria ileile imevaa suti: usiseme umeona, sema "imebainika".

Siku mbili baada ya kurudisha insha, kijana aliyeandika sentensi ile alikuja ofisini. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia akae.

"Mwalimu, ile sentensi ya ziwa, nitaitosha."

Nilidhani anasema itatosha, kwamba inajitosheleza. Nikaanza kumweleza kwa nini haitoshi. Akatabasamu kwa adabu. Katika Kiswahili cha kwao Kongo, kutosha ni kutoa. Alikuwa amekuja kuniomba ruhusa ya kuifuta. Nikamwambia asiifute bado, aniambie kwanza ameitoa wapi. Akainamisha kichwa, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia:

"Hii insha, wanaisoma ku ofisi? Isije ikaleta shida ku kesi."

Kwa msomaji asiyefahamu maisha ya makazi ya wakimbizi, nieleze. Kesi, huko Nakivale, si ya mahakamani. Kesi ni faili lako: jina, alama za vidole, watu wa nyumbani mwako, na juu ya yote habari ya jinsi ulivyokimbia. Watu huulizana "kesi yako imefika wapi?" kama wakulima wanavyoulizana habari za mvua. Anayetafuta kuhamishiwa nchi ya tatu huitwa kwenye intavyu, pengine mara mbili, tatu, nne, kwa miaka, na kila mara husimulia upya. Anayemsikiliza ana karatasi mbele yake: habari za nchi unayotoka, tarehe za mapigano, majina ya vijiji, na maelezo yako ya mara iliyopita. Maelezo ya leo yakipishana na ya jana, au na karatasi, unaulizwa tena.

Nikakaa kimya. Mwezi mzima nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikidhani nawapa kitu kipya: changanyeni maisha yenu na utafiti. Kijana huyu alikuwa ameifanya insha hiyo tangu utoto, mbele ya watu wasiotoa alama bali hatima. Alijua kabisa kwamba "mimi" ni chanzo kinachohakikiwa. Asichokijua, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa, ni kwamba na yeye anaweza kuwa mhakiki.

Haki itendeke, hata sheria ya wakimbizi haikukusudia hivyo. Mwongozo ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa mwaka 1979 unasema wazi kwamba kazi ya kutafuta ukweli ni ya wote wawili, anayeomba na anayemhoji, na kwamba mtu aliyejitahidi kwa moyo safi apewe nafasi ya kuaminiwa pale ushahidi unapokosekana. Ni kanuni nzuri ya ualimu kuliko nyingi nilizofundishwa. Lakini foleni ikiwa ndefu, kanuni nzuri hubaki kwenye rafu.

Basi tukafungua ramani. Kutoka Rutshuru unafika mpakani Bunagana, unaingia Kisoro, na kando yake Nyakabande, kituo cha muda cha kupokea wakimbizi. Kutoka hapo barabara inapanda kwenda Kabale, inashuka Ntungamo, inaingia Mbarara, kisha inageukia kusini-mashariki kuelekea Isingiro na Nakivale. Hakuna mahali popote ambapo lori linavuka ziwa. Ziwa Nakivale lipo, ndilo lililoyapa makazi jina, lakini kutoka Mbarara huhitaji kulivuka ili ufike.

"Basi niliota," akasema.

"Au kuna aliyekuambia?"

Akafikiri. "Mama mwenye alizaa baba."

Tukapanga Jumamosi.

*

Njia ya kutoka Mbarara kwenda Nakivale ni ya maji kabla ya kuwa ya magari. Mto Rwizi unapita pembezoni mwa mji, umechoka, umebeba taka na mchanga, ndio unaotunywesha sote; kisha unaendelea mashariki hadi kwenye mfumo wa maziwa madogo, Mburo na Nakivale na wenzao. Kwa hiyo tone la maji likiwa na subira hufika makazi bila kulipa nauli. Sisi tulikwenda paki ya teksi, tukasubiri gari lijae, nalo halikujaa mpaka saa nne.

Mji wenyewe, unaosemekana umepewa jina kwa nyasi ziitwazo emburara, ulipata hadhi ya jiji Julai 2020. (Hiyo "unaosemekana" nimeiacha makusudi. Siku moja nitatafuta.) Mgeni huonyeshwa sanamu ya ng'ombe wa pembe ndefu na kuambiwa ale eshabwe. Haonyeshwi kwamba mwishoni mwa Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuchukua mji huu na kuuacha kifusi, kulipiza yale ambayo askari wa Amin walikuwa wamefanya Kagera. Nyumbani Karagwe nilikua nikiisikia habari hiyo kama ushindi. Hapa nimeisikia kwa mama mwenye nyumba wangu kama siku ambayo duka la baba yake liliungua. Miaka mingi nimefundisha kwamba vyanzo viwili vikipishana unapima kipi kina uzito. Kodi ya nyumba ya mama yule imenifundisha kwamba wakati mwingine vyote viwili vina uzito uleule, na unalala navyo.

Kuuliza maswali katika mji huu kuna historia yake. Julai 1971 Wamarekani wawili walikuja Mbarara kuchunguza habari za askari waliouawa katika kambi ya Simba: Nicholas Stroh, mwandishi wa habari, na Robert Siedle, aliyekuwa akifundisha sosholojia Makerere. Mwandishi na mtafiti, gari moja. Hawakurudi. Jaji David Jeffreys Jones aliongoza uchunguzi na kuhitimisha kwamba waliuawa na wanajeshi. Yeye mwenyewe ripoti aliileta akiwa ameshaondoka nchini. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi habari hii ili kuwatia moyo wa utafiti. Sikuona ajabu kwamba haikuwatia.

Lakini nchi hii ina mapokeo mengine pia, na ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu garini. Wahima wa huku Ankole wana ebyevugo, ndugu wa majigambo tunayofundishwa sekondari katika fasihi simulizi. Wataalamu wengine huyaita vivugo, na jina hilo ukilisikiliza vizuri unajua limetoka wapi. Mwanamume husimama, akajivuga kwa kasi ya mvua ya mawe: mimi fulani, nilipambana mahali fulani, nikiwa na fulani na fulani. H. F. Morris alizikusanya tungo hizo na kitabu chake kikatoka mwaka 1964. Kinachonivutia si ushujaa, ni yale majina. Mtunzi anaruhusiwa chumvi, lakini anataja kilima na anataja wenzake, na nadhani wenzake mara nyingi walikuwa wameketi palepale wakisikiliza. Akitaja kilima ambacho hakukipigania, yupo atakayekohoa. Hiyo ni "mimi" yenye vyanzo, na vyanzo viko hai.

Miaka saba baadaye, 1971, Samwiri Karugire alitoa historia yake ya ufalme wa Nkore hadi mwaka 1896. Ni kazi ya msomi wa Ankole iliyoegemea masimulizi ya wazee na kuyapima moja kwa jingine kwa ukali wa hakimu. Na mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Mahmood Mamdani, kijana aliyekulia Kampala, akajikuta katika kambi ya wakimbizi London. Mwaka 1973 akachapisha From Citizen to Refugee, kitabu kilichoandikwa kutoka ndani ya uzio. Mwaka 2001 akatoa kitabu kikubwa kuhusu mauaji ya Rwanda, na humo wakimbizi wa Kinyarwanda waliokaa Uganda wana sura yao. Mimi huwaambia wanafunzi wasome vyote viwili kwa mfuatano. Sioni kama cha pili kingeandikwa vile bila cha kwanza.

Huko Marekani, ambako somo letu lina mizizi mirefu zaidi, Harvard ililifanya la lazima kwa mwaka wa kwanza tangu 1885, na walimu wake hawajaacha kugombana kuhusu "mimi". Mwaka 1980 Ken Macrorie alipendekeza insha ambayo mwanafunzi anaanza na jambo analohitaji kulijua kwa ajili ya maisha yake, anasimulia alivyolitafuta, alimwendea nani, alipotea wapi, alirudi na nini. Nimeiiba kwake, sikatai. Ila Macrorie aliwaandikia vijana ambao maisha yao hayakuwa yamewekwa kwenye faili na mtu mwingine kwanza.

*

Gari lilituacha Kabingo, makao ya wilaya ya Isingiro, tukachukua bodaboda mbili. Migomba pande zote, milima mikavu juu yake, kisha bonde linafunguka na mabati yanaanza kung'aa.

Ukifika kituo cha biashara cha Base Camp unasikia lugha kabla hujaona watu. Msomali anauza sukari kwa Kiswahili kwa Mrundi, Mhabeshi anakaanga kahawa, redio inaimba Kilingala. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na hadi leo nasikia watu Mbarara wakibishana kama kitawezekana. Nakivale hawakungoja baraza.

Kijana alikuwa amefanya kazi yake. Njiani, akipiga kelele kushinda injini ya pikipiki, aliniambia jambo alilolikuta maktaba. Shirika la wakimbizi lenyewe huandika kwamba makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Lakini machafuko yaliyowatoa Watutsi Rwanda yalianza Novemba 1959.

"Sasa mwalimu, kambi ilitangulia wakimbizi?"

Sikuwa na jibu, na nilifurahi kutokuwa nalo. Inawezekana wapo waliotangulia kuvuka. Inawezekana mtu alikosea mwaka, wengine wakanakili. Lakini tazama: karatasi inapishana na karatasi, na hakuna aliyeiita mwongo. Tunaiita vyanzo vinavyotofautiana, tunaandika tanbihi, tunaendelea. Mtu akipishana na karatasi ndipo neno linapobadilika.

Na karatasi zinapishana sana. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda walihesabiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho. Kabla ya hapo takwimu zilisema ni milioni 1.4, kazi ilipokwisha wakawa milioni 1.1 hivi. Ukiangalia makazi haya kwa miaka yake zaidi ya sitini, utaona jinsi idadi moja inavyoficha watu tofauti. Kwanza Wanyarwanda wa 1959 na miaka iliyofuata. Kisha Oktoba 1982, serikali ya Obote ikiwa madarakani, watu wa asili ya Rwanda walipofukuzwa mashambani Ankole, wengine wakakimbilia mpakani na wengine wakarudi kujazana katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto wao waliokuwa wameingia jeshini Uganda wakavuka mpaka na bunduki. Mwaka 1994 wengi wakarejea kwao, na kupitia mlango uleule wakaingia Wahutu. Halafu Wakongo, wimbi baada ya wimbi. La familia ya kijana huyu lilikuja mwishoni mwa Oktoba 2008, wapiganaji wa Laurent Nkunda walipoichukua Rutshuru.

Bibi yake anaishi upande wa Juru, nyumba ya udongo yenye mabati, mahindi mpaka mlangoni. Nasema bibi yake kwa Kiswahili changu. Siku ya kwanza nilipomwambia kijana "nisalimie bibi", alinijibu kwa haya kwamba bado hajaoa; kwa Mkongo bibi ni mke. Nikamwamkia mama shikamoo, akaniitikia "jambo, jambo sana", kwani Rutshuru hawana shikamoo. Tukaletewa viti viwili vya plastiki na yeye akakaa mkekani, na hakukubali kabisa nibadilishane naye.

Kijana alikuwa na daftari. Nilikuwa nimemfundisha: swali fupi, usimmalizie mtu sentensi, andika maneno yake kama alivyoyasema. Akauliza habari ya ziwa. Mama akamtazama kwa muda, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Nani anauliza? Wewe ao ofisi?"

"Mimi."

Ndipo akasema. Alianza mbali, na sitaandika yote. Mengine si yangu na kijana mwenyewe hakuyaandika. Lakini alipofika kwenye lori, kalamu ya kijana ilisimama.

"Tulipita ku mayi. Mayi ilikuwa kule chini, sisi tulikuwa hapa juu. Ulikuwa unalala. Njo ukaamuka, ukauliza: ile ni mayi ya nani?"

Tulipita ku mayi. Tulipita penye maji, kando ya maji, juu ya maji. Miaka yote kijana alikuwa akiibeba sentensi hiyo, na alipoihamishia kwenye Kiingereza cha chuo, kupita kukawa kuvuka, maji yakawa ziwa, na ziwa pekee alilolifahamu lilikuwa lile la hapa nyumbani. Hakuna aliyesema uongo. Kulikuwa na viambishi viwili vitatu na bahari ya lugha katikati.

Nilimwuliza mama kama amewahi kuulizwa habari hiyo kwenye intavyu. Akasema ndiyo, mara moja, na mtafsiri siku hiyo alikuwa kijana asiyetoka kwao. Akacheka kidogo, akaenda kugeuza mahindi aliyotuchomea.

*

Nirudi darasani kidogo, kwa sababu nisingependa msomaji adhani kila insha muhula ule ilikuwa ya machozi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza: niliposema "jambo lililokugusa", nusu ya darasa walielewa "msiba wako". Nimelibadilisha tangu hapo. Insha bora ya mwaka ule, nikiwa mkweli, haikuwa ya kijana wa Rutshuru. Ilikuwa ya binti wa Isingiro aliyeandika kuhusu migomba ya babu yake iliyokuwa ikinyauka. Alisoma kwamba mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001, kwamba unasambazwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba na pia na vyombo vya kazi, na kwamba wataalamu wanashauri ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa. Kisha akakaa shambani na babu yake siku tatu akimwangalia. Babu alilaumu mvua. Binti akaandika, bila kumvunjia heshima, kwamba panga lililokuwa likipogolea lilikuwa la jirani, nalo lilizunguka mashamba manne kwa wiki bila kupitishwa motoni. Maktaba isingejua habari ya panga lile. Babu asingejua habari ya bakteria. Alikuwepo mtu mmoja tu aliyesimama kati yao na daftari.

Na kulikuwa na binti wa Burundi aliyeandika kurasa sita kuhusu mto Rwizi bila "mimi" hata moja. Nilimpa alama zake zote wala sikumuuliza. Ruhusa ya kuwamo ikigeuka amri ya kuwamo, haina tofauti na intavyu.

*

Likizo ilipofika nilikwenda mwenyewe kutafuta maji. Basi la asubuhi kutoka Mbarara kwenda Kabale, kisha teksi ya Kisoro, nikakaa dirishani na karatasi magotini kama mwanafunzi. Safari ya kijana iliteremka kutoka huko. Mimi niliipanda kinyume, na hilo litakuja kuwa na maana.

Baada ya Kabale barabara, ambayo sasa ina lami, inapanda kwa kujipindapinda. Matuta ya mashamba yamekwea milima mpaka juu kabisa, viazi na mtama, huoni nyika. Kisha kwenye kona moja mlima unafunguka, na chini, chini sana, liko Ziwa Bunyonyi: refu, jembamba, la kijani iliyokolea, na visiwa vyake vimetawanyika. Abiria mwenzangu, mama mwenye kuku wawili kikapuni, hakugeuka hata kutazama. Mimi nilishikwa na kitu kooni. Maji kule chini, sisi hapa juu. Kila neno la mama lilikuwa mahali pake.

Nilishuka Muko, ncha ya kaskazini ya ziwa, ambako mafunjo yanasonga na maji yanatokea kinamasi kuelekea bonde la pili. Mbele yangu ulikuwa msitu wa Echuya, na nyuma yake pengo la Kanaba ambako barabara inateremka kwenye volkano za Kisoro. Kutoka huko ndiko lori lilitokea. Nilijaribu kuwazia mtoto wa miaka minne akiamka mgongoni mwa mtu, au katikati ya magunia, katika baridi ya mahali hapa ambayo si ya mchezo hata mchana, akiona mng'ao ule. Kisha nikajizuia. Mimi sikuwepo. Nilichokuwa nacho ni sentensi ya mama, ramani, na macho yangu ya siku moja. Nikiongeza baridi ile kwenye insha ya mtu mwingine nitakuwa nimefanya alichofanya yule mtafsiri.

Nikapiga picha nne kwa simu, nikanywa chai ya tangawizi kibandani, nikangoja gari la kurudi. Sitaficha kwamba nilijisikia mshindi. Sentensi ile niliyoipigia mstari mwekundu nilikuwa nimeitafutia chanzo kwa nauli yangu mwenyewe.

Muhula ulipofunguliwa tukaenda tena Juru, kijana na mimi, na rasimu yake ya tatu. Sentensi haikuwa imefutwa. Ilikuwa imegeuka aya nzima: alivyoamini, alivyoulizwa, alivyotafsiri vibaya, kile ambacho bibi yake alisema kwa maneno yake hasa, na ramani. Nafasi ya picha aliiacha wazi. Nikampa mama simu. Akaishika mbali na macho, akaigeuza, akaifuta kioo kwa kanga. Alitazama picha ya kwanza muda mrefu, akarudia ya pili. Kijana alikuwa ameshafungua daftari akingoja kuandika neno "ndiyo".

"Mwalimu," akasema mama, "hii picha ulipiga wakati ya kwenda, ao wakati ya kurudi?"

Nikafikiri. Wakati wa kwenda, nikasema, nikielekea Kisoro.

"Basi geuka," akasema, na kunirudishia simu. "Sisi tulikuwa tunatoka kule. Mayi ilikuwa ku mukono ya kuume."

Kijana akaandika hayo, na pembeni, kwa kalamu nyekundu aliyoiazima kwangu, akaandika: "Picha ipigwe upya."